Peku au Raba? Mguu Wako Unataka Muda

Leo tunazungumzia kitu ulichonacho tangu siku ya kuzaliwa lakini pengine hujawahi kukifikiria sana: unyayo wako.

Siku hizi utasikia vijana wakisema, "Tupa raba, kimbia peku, ndiyo asili yetu!" Mwingine raba zake za mtumba zimeachama mdomo na hela ya kununua nyingine hana. Mwingine goti linamsumbua, naye kaambiwa kwamba dawa ni kuvua viatu. Je, ni kweli? Na je, mtu ambaye kazi yake inamtaka awe fiti kila siku anaweza kuvua raba leo na kesho akakimbia kama kawaida?

Kwa nyie mnaosoma hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, swali hili si la mbali. Ukimaliza Kidato cha Sita unaweza kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mafunzo hayo yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Huko mchakamchaka hauombi ruhusa yako. Wengine mtaingia polisi, magereza, zimamoto au JWTZ. Wengine mtakuwa askari wa wanyamapori katika hifadhi kama Mikumi, iliyomo humu humu mkoani Morogoro. Wengine mtapandisha wageni mlimani. Katika kazi za namna hiyo, mguu ukilala, kazi nayo inalala.

Basi tulichunguze jambo hili taratibu.

JE, WAPO WALIOKIMBIA PEKU WAKAFANIKIWA?

Wapo. Anayejulikana zaidi ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Na ujue kwamba Bikila hakuwa mtu wa kukimbia tu. Alikuwa askari katika kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie, yaani kazi yake yenyewe ilidai mwili ulio tayari. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, alikimbia marathoni ya Olimpiki, kilometa 42 na ushee, bila viatu. Sehemu ya njia ilikuwa ya mawe. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mtu yeyote kabla yake.

Wengi huishia hapo na kusema, "Unaona? Peku ndiyo mpango!" Ngoja kwanza. Kuna mambo mawili ambayo hawayasemi.

La kwanza, Bikila hakuvua viatu asubuhi ile ili ajaribu bahati. Miguu yake ilikuwa imeshazoea kukimbia peku tangu mazoezini. La pili, mwaka 1964 alikwenda Tokyo, akakimbia akiwa amevaa viatu, akashinda tena, na safari hii kwa muda mzuri zaidi: saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kwa hiyo siri yake haikuwa kuvaa wala kuvua. Siri ilikuwa mwili ulioandaliwa kwa muda mrefu.

Hata kwetu mambo ni hayo hayo. Juma Ikangaa, ofisa wa JWTZ, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akiwa na viatu. Alphonce Simbu, naye askari wa JWTZ, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu! Naye alikuwa na viatu.

NINI HUBADILIKA UKIVUA VIATU?

Hapa tunaingia kwenye fizikia kidogo. Usikimbie!

Mtu anayekimbia hupiga hatua kama 170 kwa dakika. Kila mguu mmoja, basi, unagonga ardhi mara 85 hivi kwa dakika. Kila ukigonga, mguu hubeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukiwa na kilo 50, mguu mmoja unabeba kilo 100 hadi 150 kwa muda mfupi sana. Mchakamchaka wa dakika 20 ni mara 1,700 kwa kila mguu. Mzigo huo lazima uende mahali. Swali ni moja: unakwenda wapi?

Ukivaa raba zenye soli nene nyuma, mara nyingi unatua kwa kisigino. Mshtuko unapanda juu, kwenye muundi na goti. Ukivua raba na kutua kwa kisigino kwenye ardhi ngumu, utaumia mara moja, hivyo watu wengi hujikuta wakitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Hapo kigimbi na kano ya kisigino hufanya kazi kama springi. Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Walionyesha kwamba anayetua kwa mbele hapati ule mshtuko mkali wa ghafla anaoupata anayetua kwa kisigino.

Lakini usidhani kila anayekulia peku hukimbia namna hiyo. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya ambao wamezoea kutembea bila viatu. Walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida wa safari ndefu, wengi walitua kwa kisigino. Kwa hiyo ile "asili yetu" si moja kwa watu wote.

Sasa shika neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu: kukimbia peku hakuondoi mzigo, kunauhamisha. Ukihamisha ndoo ya maji kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ndoo haijawa nyepesi. Goti linapumzika kidogo, lakini kigimbi, kano ya kisigino na ile mifupa mitano mirefu ya unyayo inapokea kazi ambayo haikuizoea.

KWA NINI HARAKA NI HATARI?

Sehemu za mwili hazijifunzi kwa kasi moja. Pumzi huongezeka upesi. Baada ya wiki chache tu unaona huhemi kama zamani. Ngozi ya unyayo nayo huanza kukomaa ndani ya wiki chache. Msuli huchukua muda zaidi. Kano na mfupa ndivyo vizito kabisa.

Mfupa una tabia ya ajabu. Ukipata mzigo mpya, kwanza mwili hubomoa sehemu zilizochoka, ndipo hujenga upya. Ni kama fundi anayeziba ufa ukutani: kwanza anachokonoa udongo mbovu, halafu anakandika mpya. Katikati hapo ukuta ni dhaifu kuliko ulivyokuwa! Kazi hiyo huchukua miezi mitatu hivi au zaidi. Ukiongeza mbio wakati mfupa ungali "umechokonolewa", unaweza kupata ufa.

Hili si la kubuni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwafuatilia wakimbiaji wazoefu 36 kwa wiki 10. Kumi na tisa kati yao walihamia pole pole kwenye viatu vyembamba vyenye vidole, vinavyomfanya mtu akimbie karibu kama peku. Mwisho wa wiki hizo, 10 kati ya hao 19 walikuwa na dalili za mifupa ya mguu kuelemewa, zilizoonekana kwa picha maalumu. Na hao walikuwa wazoefu, waliofuata utaratibu! Je, wewe unayeamua usiku na kukimbia asubuhi?

Mfupa wa unyayo ukipata ufa, kwa kawaida unahitaji wiki sita hadi nane za kutokukimbia. Kwa mwanafunzi ni usumbufu. Kwa kuruta au askari aliye kwenye kozi, inaweza kuwa ndiyo mwisho wa kozi.

IGIZO FUPI

Someni igizo hili darasani, wawili wawili. Kaka ni askari wa wanyamapori. Mdogo wake wa kike yuko Kidato cha Sita.

MDOGO: Shikamoo kaka.

KAKA: Marahaba, mdogo wangu. Vipi shule?

MDOGO: Nzuri. Mbona unachechemea?

KAKA: Aa, goti tu. Lakini nimepata dawa. Kuna jamaa kazini kaniambia nitupe raba, nikimbie peku. Kesho naanza. Kilometa nane, kama kawaida.

MDOGO: Nane? Kaka, umewahi kukimbia peku hata moja?

KAKA: Sisi si tumekulia milimani bwana! Tulikuwa tunakwenda shule peku.

MDOGO: Enhee, miaka ishirini iliyopita. Tangu uajiriwe umeshinda ndani ya buti. Miguu imeshasahau. Halafu kozi yako lini?

KAKA: Wiki sita zijazo.

MDOGO: Basi hapo ndipo penyewe. Wiki sita hazitoshi mfupa kuzoea, ila zinatosha kabisa kuupasua. Kwanza nenda hospitali goti likaangaliwe. Nenda kozi na raba zako, ukirudi ndipo uanze kidogo kidogo.

KAKA: Na mazoezi je? Nikilala tu nitanenepa.

MDOGO: Nani kasema ulale? Punguza mbio, ongeza kutembea mlima kama goti halilalamiki, fanya mazoezi ya tumbo na mikono. Pumzi haijui umevaa nini miguuni.

KAKA: Kumbe hela ya ada haijapotea!

UKITAKA KUBADILI, FANYA HIVI

Kwanza jiulize: je, nina mtihani wa mbio, usaili au kozi ndani ya miezi mitatu au minne ijayo? Kama jibu ni ndiyo, usibadili sasa. Wanaokwenda JKT huagizwa kwenda na raba za michezo, hivyo fanya mazoezi na raba zako.

Kama huna haraka na mguu hauna maumivu, fuata hatua hizi. Hatua hizi hazina uganga. Ni tahadhari tu.

1. Wiki mbili za kwanza, tembea tu. Tembea peku dakika 10 hadi 20 kwa siku mahali palipo safi. Kila siku simama kwenye ngazi, panda na kushuka kwa vidole mara 15. Jifunze kuokota kitambaa kwa vidole vya miguu. Utacheka, lakini misuli midogo ya unyayo itaamka.

2. Wiki ya tatu na ya nne, kimbia peku dakika moja tu mwishoni mwa mazoezi yako ya kawaida ya raba. Siku moja fanya, siku moja pumzisha.

3. Baada ya hapo ongeza dakika moja kwa wiki, si zaidi. Vigimbi vikiuma sana siku ya pili, rudia wiki ile ile. Kurudia si kushindwa.

4. Chagua pa kuanzia. Chagua tambarare, pagumu kidogo na pasafi, kama kiwanja kilichofagiliwa. Usianze na njia za kupanda Uluguru. Kushuka mlima ndiko kunakoumiza misuli kuliko kupanda.

5. Piga hatua fupi na za haraka. Tua kwa wepesi, mguu ukiwa chini ya mwili wako, goti likiwa limekunjwa kidogo. Acha kisigino kiguse chini taratibu. Usikimbie kwa ncha za vidole kama mwizi!

6. Endelea na raba kwa mazoezi makubwa. Kazi yako isingojee unyayo wako uhitimu. Hata baada ya miezi, si lazima uache viatu kabisa. Peku inaweza kubaki kuwa zoezi la dakika chache la kuimarisha miguu.

ARDHI YA KWETU INA MAMBO YAKE

Vitabu vingi vya kukimbia peku vimeandikiwa watu wenye bustani za majani yaliyokatwa. Sisi tuna mvua, matope, vichaka na dampo la mtaa. Angalia haya:

Safura. Vijidudu vya minyoo hii hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Hupenya ngozi ya unyayo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hukaa utumbo mwembamba wakinyonya damu. Unaweza kuwa unafanya mazoezi kila siku na bado unachoka, kumbe damu inakwisha. Usikimbie peku karibu na vyoo, mitaro au kwenye tope. Meza dawa za minyoo zinapotolewa shuleni.

Pepopunda. Msumari, mwiba au kigae cha chupa vinaweza kuingiza vijidudu vyake. Ukichomwa, osha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo ukaulize kama chanjo yako inatosha. Usisubiri taya likaze.

Funza na malengelenge. Kagua miguu kila baada ya mazoezi: unyayo, katikati ya vidole, pembeni ya kucha. Funza atolewe kwa kifaa safi, si kwa pini ya kuazimana.

Nyoka na giza. Mchakamchaka wa alfajiri, kabla hakujapambazuka, si wakati wa peku. Usichokiona usikikanyage.

Lami ya mchana. Jua la saa saba likiwaka, lami inaunguza. Kimbia mapema au jioni.

Na mtu mwenye kisukari, au ambaye ukoma umempunguzia hisia za miguu, asikimbie peku kabisa. Kwake maumivu hayapigi kengele, na kidonda kidogo kinaweza kumgharimu mguu.

NENO KWA WASICHANA

Dada, sikiliza. Msichana anayefanya mazoezi mengi huku anakula kidogo, labda ili apungue, anaweza kukosa hedhi. Wengine hufurahi: "Afadhali, nimepumzika." Hapana! Mwili unasema hauna akiba ya kutosha, na wakati huo mifupa nayo inadhoofika. Ndiyo maana nyufa za mifupa huwapata zaidi wasichana wa namna hiyo. Bila shaka kukosa hedhi kunaweza pia kuwa ni mimba au ugonjwa. Kwa vyovyote vile, usikae kimya. Muone matroni au muuguzi.

Kula kabla ya kutafuta medali. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, maziwa, mayai, mchicha na matunda yanayoshuka kila siku kutoka Mgeta na Matombo: hivyo ndivyo vifaa vya fundi wako wa mifupa. Naye hajengi usiku kama hujalala.

SIMAMA MARA MOJA UKIONA HAYA

Vigimbi kukaza siku ya pili ni kawaida. Lakini simama ukiona:

• maumivu mahali pamoja kwenye mfupa, unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole;
• maumivu yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku;
• uvimbe juu ya unyayo;
• kano ya kisigino kuuma kila asubuhi unaposhuka kitandani.

Nenda kituo cha afya. Na ujue kwamba picha ya eksirei huenda isionyeshe ufa katika wiki za mwanzo. Kama picha ni safi lakini mfupa bado unauma, usiseme "daktari kasema nimepona" ukarudi kwenye mstari. Rudi kwa daktari. Na mkufunzi akiuliza, mweleze wazi. Kuficha jeraha si ujasiri.

Hapa wengine watamkumbuka John Stephen Akhwari wetu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini akamaliza, akiwa wa mwisho, na dunia ikamheshimu. Tunamheshimu nasi. Katika mbio hizo hizo Bikila, bingwa mara mbili, alisimama baada ya kilometa 17 hivi kwa sababu ya mguu, na hakuna aliyemwita mwoga. Akhwari alikuwa na siku moja ya taifa lake. Wewe una mchakamchaka leo, kesho na keshokutwa.

KUMBUKA

Pumzi huja kwa wiki, mfupa huja kwa miezi. Anayetaka kubadili afuate ratiba ya mfupa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwanafunzi mwenye kilo 60 anakimbia dakika 15. Kila mguu wake unagonga ardhi mara ngapi? Unabeba kilo ngapi kila unapogonga?

2. Eleza kwa maneno yako: "Kukimbia peku hakuondoi mzigo, kunauhamisha."

3. Rafiki yako hana raba, na shule inataka wote wakimbie. Darasa linaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Zungukieni kiwanja chenu cha michezo. Orodhesheni vitu vyote vinavyoweza kumjeruhi mtu aliye peku. Nani ataviondoa, na lini?

Swali la nne msiliache kwenye daftari. Chukueni fagio na ndoo, halafu mtuandikie mlichookota. Tukutane toleo lijalo!